Fidia ya ajali kwa mtu anayedaiwa: tazama karatasi unayosaini

Mhariri,

Dereva wa bodaboda akivunjika mguu pale Kwa Sadala au Usa River, madeni hayamsubiri apone. Tajiri anataka hesabu yake, kikundi kinataka rejesho la wiki, na mkopo wa kausha damu unazidi kupanda huku mwenyewe angali na vyuma mguuni. Miezi inapita, bima ya gari lililomgonga inakubali kulipa, na hapo ndipo watu wanapouliza: akiomba mahakama imtangaze mufilisi, yaani mtu aliyeshindwa kulipa madeni yake, fidia hiyo itabaki mkononi mwake au itachukuliwa na wadai?

Kinachoamua ni namna fidia ilivyoandikwa, kuliko hata ukubwa wake. Tunaandika kwa sababu jambo hili halitazamwi wakati wa kusaini, na baada ya kusaini ni vigumu mno kulirekebisha.

Sheria ya Kufilisika ya Tanzania, Sura ya 25, hukusanya karibu kila kitu cha mufilisi: alichokuwa nacho ufilisi ulipoanza, na hata atakachopata kabla mahakama haijamwondolea hali hiyo. Vinavyoachwa ni vichache, kama vifaa vya kazi yake, nguo na matandiko ya familia kwa thamani yenye ukomo, pamoja na mali anayowashikia wengine kwa amana. Haki ya kudai nayo ni mali. Kwa hiyo ajali ikitokea leo na ombi la kufilisika likafunguliwa mwezi ujao, madai ya ajali yamo ndani ya hesabu hata kama hujaona senti moja.

Ila madai ya kuumia mwili yana sehemu mbili. Sheria yetu ilichukuliwa kwa Waingereza, na mahakama za huko zimeshikilia tangu zamani kwamba maumivu ya mtu ni yake mwenyewe, wadai hawana fungu humo. Kipato alichopoteza ni habari nyingine, kwa kuwa kingeingia mfukoni mwake na wadai wangelipwa kutokana nacho. Mwaka 1999, katika shauri la Ord dhidi ya Upton, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisema madai yenye sehemu zote mbili humwangukia msimamizi wa ufilisi, anayekusanya mali ya mufilisi kwa ajili ya wadai, lakini atakachopata kwa ajili ya maumivu lazima amkabidhi mufilisi. Uamuzi huo haufungi mahakama zetu, ila ni hoja yenye uzito mbele ya Mahakama Kuu, na wakili anayemtetea mjeruhi anapaswa kwenda nao.

Sasa tazama karatasi yenyewe. Hati ya bima ya kukiri malipo kamili na ya mwisho mara nyingi ni ukurasa mmoja: jina, namba ya gari, tarehe ya ajali, kisha mstari wenye nafasi ya kujaza kiasi kwa kalamu. Tuseme inajazwa shilingi 18,000,000. Mjeruhi anasaini, anaweka dole gumba, basi. Msimamizi wa ufilisi akija kuuliza ni kiasi gani kati ya hizo ni cha maumivu, karatasi haina jibu, na mufilisi ndiye atakayehangaika kuthibitisha. Hati hiyohiyo ingeweza kusomeka hivi: matibabu na nauli za kliniki 4,000,000, kipato kilichopotea kwa miezi ya kukaa nyumbani 6,000,000, maumivu na ulemavu 8,000,000. Jumla haibadiliki na bima haipotezi kitu. Lakini mjeruhi sasa ana milioni nane anazoweza kuzitetea.

Mgawanyo huo lazima uwe wa kweli. Ukiandika milioni 17 za maumivu kwa kidole kilichoteguka, wadai wataupinga na watashinda. Kila tarakimu iwe na karatasi nyuma yake: PF3 (fomu ya polisi ya majeruhi), ripoti ya daktari inayotaja asilimia ya ulemavu, risiti za hospitali na dawa, na kwa kipato, daftari la hesabu au taarifa ya miamala ya simu ya miezi kabla ya ajali. Daftari hilo watu hulidharau. Bila hilo, kipato cha bodaboda kinabaki maneno matupu.

Kosa la pili ni kuficha. Mdaiwa anayejaza taarifa ya mali na madeni anaandika pikipiki, shamba la migomba na simu, halafu anaacha madai ya ajali kwa kuwa "hela haijatoka". Kuficha mali ni kosa la jinai chini ya sheria hiyohiyo, na ni sababu tosha ya mahakama kukataa kumwondolea ufilisi. Andika madai hayo hata kama hujui yatazaa kiasi gani: tarehe ya ajali, anayedaiwa, bima yake, na yalipofikia. Ukishatangazwa mufilisi usiendelee na kesi peke yako, maana upande wa pili utaomba itupwe kwa hoja kwamba mwenye haki ya kudai si wewe tena. Nenda kwanza ofisi ya ufilisi iliyo chini ya RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, mkubaliane nani ataendesha.

Fedha zilizokwisha kulipwa kabla ya ombi ni ngumu zaidi kuzitetea. Zikichanganywa na hela za duka, au zikanunua kiwanja, zinaonekana kama mali nyingine yoyote. Ziweke kwenye akaunti yake peke yake pamoja na nakala ya hati. Na usikimbilie kumlipa shemeji aliyekukopesha ukawaacha wadai wengine: malipo ya upendeleo karibu na kufilisika yanaweza kubatilishwa, na shemeji akatakiwa arudishe.

Wanaoumia bila kufikiriwa ni wadhamini. Kuondolewa ufilisi humfungua mdaiwa, hakumfungui aliyemdhamini, kwa hiyo wenzako wa kikundi wataendelea kudaiwa. Benki yenye rehani nayo inaweza kuuza dhamana bila kusubiri mgawo wa mali kwa wadai. Kwa deni la milioni chache, sisi tungeshauri kwanza mapatano ya maandishi na wadai wote, au kuiomba mahakama iruhusu deni lilipwe kwa awamu, kabla ya kufikiria ombi la kufilisika ambalo lazima liende Mahakama Kuu na gharama zake.

Kuna wanaosikiliza maelezo ya Marekani kwenye simu zao wakayaleta huku. Orodha ya shirikisho ya huko ya mali ambazo wadai hawazigusi hukinga fidia ya kuumia mwili hadi dola 31,575 tangu Aprili 2025, lakini kinga hiyo haihusu maumivu, yaani karibu kinyume cha msimamo wa Uingereza, na majimbo mengi yana orodha zao. Hayatumiki Moshi wala Arusha.

Aliyeumia akiwa ameajiriwa ana mlango mwingine, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao kwa ulemavu wa kudumu unaozidi asilimia 30 hulipa pensheni ya kila mwezi. Hiyo iorodheshwe peke yake, isichanganywe na fidia ya bima ya gari.

Na muda usisahaulike. Madai ya ajali hufa baada ya miaka 3, na mazungumzo marefu na bima hayaisimamishi saa hiyo. Ikiwa mwaka wa tatu umeanza na hakuna kilichosainiwa, fungua kesi mahakamani huku mkiendelea kuzungumza.

Mawakili wa kujitegemea,
Moshi