Barua kwa Mama Neema: kumlilia mtu asiyekujua

Morogoro,
3 Novemba 2024.

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kutoka huku, na pole na shughuli. Barua yako imenifikia, nami nashukuru kusikia kwamba hapo Iringa wote hamjambo, ukiacha hilo la Neema ulilonieleza kwa urefu. Unasema tangu katikati ya Oktoba, alipofariki yule mwimbaji Mwingereza Liam Payne kwa kuanguka kutoka ghorofa ya hoteli huko Buenos Aires, binti hali vizuri, anajifungia chumbani akisikiliza nyimbo za kundi lao la One Direction mpaka usiku wa manane, na ulipomwuliza analia nini akakujibu kwamba huwezi kuelewa. Umeniomba mimi niliye mama yake wa ubatizo nimpigie simu nimkanye, maana unaona ni aibu kwa msichana aliyekwisha kumaliza chuo kumlilia mtu wa Wolverhampton ambaye huenda hakupata hata kusikia kwamba duniani kuna mji unaoitwa Iringa.

Simu nitampigia, lakini kumkanya sitamkanya, na kwa kuwa jambo hili siwezi kulieleza kwa ujumbe wa simu nimeona bora nikuandikie.

Nianze na wewe mwenyewe, na usidhani nakusuta. Aprili 2012 ulikuwa Dar es Salaam, umefikia kwa kaka yako Mwananyamala. Steven Kanumba, yule mwigizaji wa filamu, alifariki usiku wa kuamkia Jumamosi ya tarehe 7, mkesha wa Pasaka, nyumbani kwake Sinza, akiwa na miaka 28 tu, na Jumanne iliyofuata akaagwa katika viwanja vya Leaders na kuzikwa makaburi ya Kinondoni. Wewe ulikwenda Leaders kwa miguu yako, hukutumwa na mtu. Uliporudi ulinisimulia habari za wale waliozimia wakabebwa juu kwa juu kupitishwa katikati ya umati, na za yule mwanamume wa bodaboda aliyesimama mbele yako na kofia yake ngumu kichwani, machozi yakimtiririka chini ya kioo bila kujaribu kuyafuta, na za yule mama aliyekuwa akimwambia kila aliyemkaribia kwamba ameacha genge lake wazi huko Magomeni na wala hajui kama atakuta kitu. Hakuna mmoja kati yenu aliyewahi kushikana mkono na marehemu. Ulikuwa mtu mzima mwenye watoto wawili, na nakumbuka ulizungumza kwa sauti iliyokauka kabisa.

Basi wewe ulimlilia nini? Nimelifikiria swali hilo mara nyingi, na jibu langu la kwanza ni kwamba Kanumba alikuwa amekaa nasi. Katika miaka ile ukipanda basi la mkoani pale Ubungo, mara tu mnapovuka mizani ya Kibaha kondakta alichomeka CD, na mara nyingi alikuwa ni yeye. Mimi nilimwona hivyo zaidi kuliko nilivyomwona sebuleni. Nakumbuka safari moja ambayo filamu yake ilianzia Chalinze, na kufika Mikese nusu ya abiria walikuwa wakizungumza na televisheni: mzee mmoja anamwonya asimwamini yule mwanamke, dada wa kiti cha nyuma anamwambia mzee anyamaze kwa sababu yeye kwa jirani ameshaiona yote na anajua mwisho. Tulipoingia Msamvu kipande cha kwanza ndiyo kwanza kinaisha, na unakumbuka jinsi walivyotuuzia zile filamu vipande viwili ili tununue mara mbili. Mama mmoja aliyepaswa kushuka alisimama mlangoni na kapu lake akimwuliza kondakta kama katika kipande cha pili "huyu kijana" anapona. Alimwita kijana, kama mtu amwulizavyo mtoto wa jirani aliyelazwa.

Wasomi wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliliandika jambo hili tangu mwaka 1956, televisheni ilipokuwa bado kitu kipya huko kwao. Walieleza kwamba mtangazaji anayekutazama usoni na kukusemesha kana kwamba mko wawili tu chumbani hujenga nawe ukaribu unaofanana na urafiki, ila unakwenda upande mmoja: wewe unamjua, yeye hakujui. Naona waliligusa jambo lenyewe, ingawa waliandika kabla ya magazeti ya udaku na kabla ya Instagram. Sisi tulijua Kanumba anakula wapi, amekosana na nani, gari lake rangi gani. Vijana wa leo wanajua staa wao ameamka na mafua. Moyo hauna njia ya kutenganisha habari za mtu uliyemwona jana sokoni na habari za mtu unayemwona kila siku kwenye kioo. Zote unazipokea kwa namna moja, na habari ya kifo chake nayo unaipokea vivyo hivyo.

Najua utanijibu kwamba kumjua mtu kwa picha si kumjua. Mwalimu Nyerere je? Alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999, nchi nzima ililia, na wengi wa waliolia walikuwa wamemsikia kwenye redio tu, mama yako mzazi akiwa mmojawapo. Hakuna aliyewauliza walimjulia wapi. Utasema Mwalimu alituongoza, alitufanyia mambo, na ni kweli, nami simlinganishi na mwigizaji. Lakini hapo utakuwa umekubali kwamba si lazima mtu akujue ndipo umlilie. Yatosha kuwa kuna alichokufanyia. Kilichobaki kubishania ni kama msanii hufanya kitu, na juu ya hilo wewe, uliyezikusanya filamu za Kanumba katika sanduku la bati pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto, huna nafasi ya kubisha.

Kuna jambo la pili, na nimesita kuliandika, lakini tumefahamiana muda mrefu. Mwaka mmoja kabla ya msiba wa Kanumba ulimzika mdogo wako. Nilikuwapo. Siku zote za matanga sikukuona ukilia, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa na funguo za stoo: wageni wa kutoka Mafinga wanalala wapi, mchele umebaki kiasi gani, nani amebeba sufuria za kanisa, daftari la rambirambi liko kwa nani. Watu walikusifu kwamba una moyo mgumu. Mimi niliona tu kwamba hukupewa nafasi. Misiba yetu ina kazi nyingi, na aliye karibu zaidi na marehemu ndiye mara nyingi anayebebeshwa nyingi zaidi. Pale Leaders hukuwa na funguo za mtu. Hakuna aliyekuja kukuuliza sukari iko wapi. Sijui kama ulimlilia Kanumba peke yake siku ile, na wala sikulazimishi unijibu, lakini sikushangaa sauti yako ilipokauka.

Nadhani ndivyo ilivyo kwa watu wengi katika umati wa namna ile. Msiba wa mtu maarufu ni uwanja ulio wazi ambako kila mmoja anaruhusiwa kuja na chake, na hakuna anayekagua mlangoni.

Sasa kuhusu Neema. Liam Payne na wenzake wanne waliunganishwa kuwa kundi mwaka 2010 katika shindano la uimbaji la televisheni ya Uingereza, na mwaka 2016 kundi likasimama, kila mmoja akashika njia yake. Piga hesabu uone miaka hiyo Neema alikuwa wapi. Alikuwa bweni. Ulipompeleka kidato cha kwanza alikuwa mtoto mwoga asiyejua kuosha sare yake, na likizo ya kwanza alipopita kwangu hapa Morogoro alinionyesha daftari la jalada gumu ambalo nilidhani ni la historia. Lilikuwa la nyimbo. Maneno ya Kiingereza yamenakiliwa kwa kalamu ya bluu, viitikio kwa kalamu nyekundu, pembeni mioyo imechorwa, na juu ya kila wimbo jina la mwenzake aliyemnakilia, kwa sababu kitabu kilizunguka vitanda vyote vya chumba chao. Simu zilikatazwa, kwa hiyo walisubiri mwenzao wa kutwa aje amejaza kichwani tuni mpya, wakaimba taratibu baada ya taa kuzimwa. Aliniimbia, na matamshi yalikuwa ya kuchekesha kweli, lakini nilichokiona ni kwamba binti yako ameshapata marafiki.

Kwa hiyo usidhani amezimika na sura ya kijana wa Kizungu, ingawa na sura nayo ilikuwamo, maana msichana wa miaka kumi na minne ni msichana. Kilichompeleka kwao ni kwamba vijana wale walikuwa wakubwa kidogo tu kuliko yeye, hawakutoka kwa wakubwa wa dunia, na usiku mmoja wakawa watu wanaotazamwa. Vijana humtukuza mtu ili wajaribu kujiona ndani yake bila kuhatarisha kitu. Kanumba naye aliwafaa vijana wa Shinyanga, alikozaliwa, kwa sababu hiyohiyo: mtoto wa kwao ameigiza na Wanaijeria, anatazamwa mpaka Bujumbura na Bukavu. Hata waliomcheka Kiingereza chake walimcheka kama mtu amchekavyo ndugu, na siku ya mazishi walikuwa mbele.

Naomba usinielewe vibaya, sisemi kwamba ushabiki wote ni mwema. Upo upande wake unaonichukiza. Anayempenda mtu bila kujulikana naye mwisho huanza kujiona ana hati ya kummiliki. Ulisikia yaliyosemwa juu ya yule mwigizaji msichana aliyekuwa na Kanumba usiku ule. Mitaani alishahukumiwa kabla marehemu hajazikwa, wakati mahakama ilichukua mpaka Novemba 2017 kumtia hatiani kwa kuua bila kukusudia na kumpa kifungo cha miaka 2. Waliomtukana zaidi walikuwa ni watu waliosema wanamlilia marehemu.

Tena mapenzi haya hayana deni, na hapo ndipo yanapopishana na desturi yetu. Ukienda msibani kwa jirani, hata kama marehemu humjui, unachanga, unachota maji, unalala chini kwenye mkeka, na zamu yako ikifika nao watakuja. Kwa msanii tunalia bure. Mzee Muhidin Gurumo aliimba kwa zaidi ya miaka 50, sauti yake ikatoka katika kila baa na kila harusi ya nchi hii, na alipostaafu mwaka 2013 akasema hajawahi kumiliki gari. Ikabidi msanii kijana, Diamond Platnumz, ampe moja. Mwaka uliofuata akafariki, na sote tukasema tumepoteza hazina. Sisi tuliokuwa tukinunua kanda zake zilizorudufiwa kwa bei ya kutupa tulikuwa na haki ya kulia, sikatai, lakini ningependa kuona tunalia tukiwa tumeshalipa kiingilio.

Hilo nitamwambia Neema, kwa upole, wakati wake ukifika. Kwa sasa nitakapompigia sitamwambia kwamba kuna watu wenye shida kubwa zaidi, kwa kuwa analijua, na mtu hajawahi kuacha kulia kwa sababu hiyo. Sitamwambia pia kwamba kijana yule alikuwa na matatizo yake ya ulevi, ambayo mwenyewe aliyasema hadharani. Nimesikia watu wakilitumia neno hilo kana kwamba linapunguza kifo. Nitamwomba anieleze nani aliimba sehemu gani katika wimbo upi, maana mimi wale watano sikuweza kuwatofautisha hata siku moja, na nitamwuliza kama bado anawasiliana na wale wenzake wa chumba kile. Nina hakika wameshatafutana. Ikiwa bado, nitamshauri awatafute, kwa sababu hao ndio wafiwa wenzake na wao wanajua kwa nini analia.

Wewe nawe nakuomba jambo moja. Usiendelee kumwuliza mlangoni "bado unamlilia huyo Mzungu?" kwa lile cheko lako, na ukiona amekaa sebuleni na simu yake, keti karibu naye, umwambie aongeze sauti. Kama baada ya wiki nyingine mbili bado hali wala hatoki, hapo niambie upesi, kwa kuwa litakuwa si jambo la mwimbaji tena na itabidi tumtafutie mtu wa kuzungumza naye. Pale hospitali ya mkoa hawakosi mshauri.

Nisalimie Baba Neema na wadogo wote. Tarehe za likizo ya Neema ya Desemba uniandikie mapema, kwa kuwa nataka aje huku akae nami walau wiki, na nauli ya kumleta nitaituma mimi.

Wako akupendaye,
Mama Daudi