Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Bei Ilipopanda, Biashara ya Haki Ilibaki na Kazi Gani?

Ndugu wanachama, ndugu wajumbe wa kamati tendaji, wageni wetu waalikwa,

Naanza kwa kuomba radhi. Kipeperushi tulichochapa mwanzoni mwa mwaka kilisema mlaji akinunua bidhaa yenye nembo ya biashara ya haki, fedha yake "inamfikia mkulima moja kwa moja". Mwanachama wetu mmoja, mkulima wa kahawa, aliniandikia mistari mitatu akiuliza: moja kwa moja kwa njia ipi? Nilikaa na swali lake siku mbili nisipate jibu la heshima. Kipeperushi tumekiondoa. Mliokigawa msijilaumu, aliyekisoma na kukipitisha ni mimi.

Barua ile ilifungua mlango wa maswali mengine, na sehemu kubwa ya taarifa hii ni kuyajibu.

Miaka mingi kazi yetu ilielezeka kirahisi. Bei ya soko la dunia iko chini, mkulima anaumia, biashara ya haki inaweka bei ya chini ambayo mnunuzi haruhusiwi kwenda chini yake. Wakongwe wa chama hiki wanakumbuka hoja hiyo ilikotoka. Mfumo wa mgao wa mauzo ya kahawa, ulioiwekea kila nchi kiwango cha kuuza nje na uliotokana na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1962, ulivunjika Julai 1989 na bei ikaporomoka. Nembo ya kwanza, Max Havelaar, ilikuwa imezinduliwa Uholanzi Novemba 1988, ikitokana na ushirikiano wa padri Frans van der Hoff, aliyefanya kazi na wakulima wa kahawa wa Oaxaca, Mexico, na Nico Roozen wa shirika la Solidaridad. Mwaka 2001 kahawa ya arabika ilipouzwa chini ya senti 50 za dola kwa ratili (kilo 0.45 hivi), wenye mikataba ya biashara ya haki walikuwa wanalipwa zaidi ya mara mbili ya hapo. Wakati ule hakuna aliyehitaji kuelezwa faida.

Sasa tazameni mwaka tulioumaliza. Februari 2025 arabika ilivuka dola 4 kwa ratili katika soko la New York. Bei ya chini ya Fairtrade, mfumo wa kimataifa wa nembo ya biashara ya haki, kwa arabika iliyooshwa (iliyomenywa kwa maji kabla ya kukaushwa) ilikuwa dola 1.80, iliyowekwa Agosti 2023. Kakao ilikuwa imevuka dola 12,000 kwa tani Desemba 2024, ilhali bei yake ya chini iliyowekwa Oktoba 2019 ilikuwa dola 2,400. Katika kikao cha kamati mjumbe mmoja aliuliza, nusu kwa mzaha, kama bado tuna kazi au tufunge ofisi.

Tunayo, na mwaka huu imetuelemea kuliko miaka ya bei mbovu. Nawaomba mtazame mkataba mmoja pamoja nami. Jina la chama cha ushirika husika silitaji kwa sababu viongozi wake wamenionyesha karatasi zao kwa kuniamini.

Ni kontena moja la kahawa: magunia 320 ya kilo 60, sawa na ratili 42,300 hivi. Chama kilikubaliana bei na mnunuzi miezi mingi kabla ya mavuno, bei iliyokuwa nzuri siku ya kutia saini. Mavuno yalipofika soko lilikuwa limekimbia. Wachuuzi wakaingia mashambani na fedha taslimu mifukoni, hawaulizi cheti cha biashara ya haki wala daraja la ubora. Mkulima mwenye ada ya shule ya kulipa Jumatatu hamsubiri karani wa chama anayesema malipo ya pili yatakuja baada ya meli kuondoka. Akauza. Jirani yake akauza. Chama kikabaki na ghala lenye mwangwi na mkataba uliosainiwa, na ili kuutimiza kikalazimika kununua kahawa kwa bei ya juu kuliko ile kiliyoahidiwa na mnunuzi.

Hapo nani alaumiwe? Wapo wenzetu waliosema wakulima wamekosa uaminifu. Mimi sikubaliani nao. Mtu aliyeuza kwa hasara miaka kumi, akija kupata mwaka mmoja wa neema, hawezi kusomewa hotuba ya uaminifu na watu ambao hawakuwepo miaka ile kumi. Kilichokosekana ni fedha taslimu. Kanuni za Fairtrade zinampa mzalishaji haki ya kuomba malipo ya awali ya hadi asilimia 60 ya thamani ya mkataba, ili aweze kuwalipa wanachama wanapoleta mazao. Bei ikipanda maradufu, chama kinahitaji fedha maradufu kukusanya magunia yaleyale. Chama ninachokizungumzia kiliomba. Jibu la mnunuzi ninalo: aya nne za pole na matumaini, bila tarehe na bila kiasi. Ndiyo maana kamati imeamua kwamba mafunzo yetu ya mwaka ujao yaanze na kipengele hicho, kabla hatujasema lolote kuhusu bei ya chini.

Kuna fedha moja ambayo haikuyumba na soko. Ni malipo ya ziada, senti 20 kwa kila ratili, yanayolipwa juu ya bei hata kahawa ikiwa dola 4. Kwa kontena lile ni kama dola 8,460. Matumizi yake huamuliwa na wanachama kwa kura, angalau senti 5 kati ya hizo zikielekezwa kwenye tija na ubora. Nilionyeshwa daftari la mihtasari ya mkutano wao: kura zimehesabiwa kwa mistari ya kalamu, mitano mitano, vitanda vya kuanikia kahawa upande mmoja na kugawana taslimu upande mwingine. Vitanda vilishinda kwa mistari mitatu. Pembeni mtu ameandika kwa penseli, "mwaka ujao zamu yetu". Nimesoma taarifa nyingi za wafadhili katika maisha yangu na sijawahi kuona humo mzozo wa kweli namna hii juu ya fedha, mzozo wa wenye mali.

Hata hivyo msichukue hesabu ya kontena moja mkaizidisha kwa mavuno yote. Chama kinaweza kuwa na cheti kwa kahawa yake yote, kikauza sehemu ndogo tu kwa masharti ya biashara ya haki na iliyobaki ikaenda soko la kawaida. De Janvry, McIntosh na Sadoulet, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu vyama vya Guatemala, walionyesha ubaya wa hali hiyo: bei ikiwa mbovu vyama vingi hukimbilia cheti, sehemu inayouzika kwa nembo inakuwa nyembamba kwa kila mmoja, na gharama za cheti na ukaguzi zinakula faida iliyotarajiwa. Mnaponiuliza kwa nini hatuhamasishi kila chama kipate cheti, sababu ndiyo hiyo. Tunauliza kwanza: nani atanunua?

Nije kwenye jambo gumu kuliko yote, la vibarua.

Kanuni za biashara ya haki zilijengwa kumzunguka mkulima mdogo mwenye shamba lake na kadi ya ushirika. Anayechuma kwa kulipwa kwa debe hana kadi wala kura. Watafiti wa SOAS, Chuo Kikuu cha London, walieleza mwaka 2014 kwamba huko Ethiopia na Uganda, vibarua katika maeneo yenye vyama vyenye cheti walikuwa wakilipwa chini kuliko wenzao wa maeneo mengine ya zao hilohilo. Fairtrade Foundation ya Uingereza ilipinga, ikisema wakulima wadogo wamelinganishwa na mashamba makubwa. Pingamizi hilo lina uzito. Lakini Dragusanu, Montero na Nunn nao waliichunguza kahawa ya Costa Rica kwa njia tofauti kabisa: wenye mashamba walifaidika, madalali wakapungukiwa, na vibarua wa kawaida, ambao ndio wengi, hawakuonekana kupata kitu. Tafiti mbili za njia mbili zikielekeza kidole mahali pamoja, sisi hatuwezi kuendelea kugeukia upande mwingine. Kamati imegawanyika katika hili na sitawaficha. Wenzangu wawili wanaona mkulima mwenye ekari moja hawezi kubebeshwa ujira wa mwingine wakati yeye mwenyewe hajashiba. Mimi naona tunaweza angalau kuuliza kibarua analipwa kiasi gani na kuandika jibu.

Kuhusu walaji, habari si mbaya. Hainmueller, Hiscox na Sequeira walifanya jaribio katika maduka 26 ya Marekani: kahawa mbili zilizokuwa zikiuzwa zaidi kwa kupimwa zilibandikwa nembo kwa zamu, na mauzo yakapanda kwa karibu asilimia 10. Kwa hiyo watu hawasemi tu kwenye dodoso kwamba wanajali. Ila bei ilipoongezwa, wanunuzi wa ile ya ghali walibaki wakati wa ile ya nafuu walihamia nyingine. Hili tulizingatie tunapotunga matangazo yanayomtia mtu hatia. Anayehesabu sarafu zake mbele ya rafu si mtu mbaya.

Anachostahili mlaji ni kuelezwa kweli nembo inaahidi nini. Wengi wenu hamkujua, nami nilichelewa kujua, maana ya kale kamshale kadogo pembeni mwa nembo. Kanamwambia asome maelezo ya nyuma. Kwa kakao, sukari, chai na maji ya matunda, kanuni zinaruhusu mazao yenye cheti kuchanganywa kiwandani na yasiyo na cheti, mradi kiasi kilichonunuliwa kwa masharti ya haki kilingane na kilichouzwa kwa nembo. Mkulima kalipwa, hapo hakuna udanganyifu, lakini chokoleti iliyo mkononi mwako huenda haina hata punje ya kakao yake. Kahawa na ndizi haziruhusiwi kuchanganywa hivyo. Kipeperushi kipya kinaeleza haya kwa lugha ya kawaida, na safari hii kabla ya kuchapwa kimesomwa na yule mkulima aliyeniandikia barua. Amekata maneno mengi.

Kuna na la sheria. Kuanzia tarehe 27 Septemba 2026 Umoja wa Ulaya utaanza kutumia masharti yanayokataza nembo za uendelevu (zinazodai bidhaa inajali mazingira au watu) zisizotokana na mfumo wa uthibitishaji au mamlaka ya umma. Nembo za kujitungia zitapungua. Wanachama wanaouza huko wapitie vifungashio vyao mapema.

Mengine kwa ufupi. Hesabu zilizokaguliwa ziko katika taarifa ya mweka hazina. Katibu ameomba kupumzika baada ya vipindi viwili na nafasi yake iko wazi. Daftari la wanachama limesafishwa, na waliofariki tumewaondoa kwa majina yao kusomwa mbele ya kamati, si kwa kufutwa kimyakimya.

Kakao imeshuka tena. Kufikia robo ya mwisho ya mwaka ilikuwa karibu nusu ya kilele chake. Wanaosema bei ya chini imepitwa na wakati wavumilie kidogo kabla ya kuleta hoja hiyo.

Pendekezo la kuweka swali la ujira wa vibarua katika fomu zetu ni ajenda namba 7. Mwenye marekebisho ayalete kwa maandishi kabla ya mapumziko ya mchana. Nitaiongoza ajenda hiyo nikiwa kimya, kwa kuwa msimamo wangu mmeshausikia, na kura itakuwa ya siri.