Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Hesabu Yetu ya Kombe Ilikuwa na Kasoro

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wanyanyua vyuma, Lamu, assalamu aleikum.

Vyuma vipya vimefika kwa jahazi salama, na asiyelipa ada anajijua. Najua mmekuja kusikia habari ya kombe.

Mnakumbuka siku ile pale Mkunguni. Kijana wa kilo 64 alinyanyua 96, hamali wetu wa kilo 125 akanyanyua 155. Kamati ikagawa mzigo kwa uzito wa mwili, ikapata 1.5 kwa 1.24, kombe likaenda kwa kijana. Hamali akafuta chaki mikononi kwa kikoi chake, akaniuliza: "Mwenyekiti, kwani nife ndaa ndipo nishinde?" Sikuwa na jibu.

Sasa ninalo. Nguvu hufuata eneo la mkato wa msuli, uzito hufuata ujazo. Mkuze mtu mara mbili kwa urefu, upana na unene: uzito utapanda mara 8, eneo la mkato wa msuli mara 4 tu. Hapo ndipo kinapotoka kipeo cha 2/3: chukua mzizi wa tatu wa namba, uuzidishe wenyewe kwa wenyewe, na 8 inakuwa 4. Mwaka 1956 mtafiti Lietzke alichora kwa logi (kipeo ambacho 10 hupandishwa ili kupata namba) rekodi za dunia za wanyanyua vyuma, na mteremko wa mstari ukatoka karibu na 2/3. Mtafiti Tanner wa Uingereza alikwisha kuonya mwaka 1949 kwamba kugawa kwa kilo peke yake kunapotosha.

Katibu alijaribu daftari letu. Kwenye grafu ya kawaida alama zilitanuka kama kimia kilichorushwa, wazito wakitawanyika zaidi. Alipochukua logi ya mzigo na logi ya uzito, zikatulia kandokando ya mstari, na mteremko wa mstari huo ndio kipeo chenyewe. Walioshindwa kunyanyua aliwaacha nje, maana sifuri haina logi. Lakini majina yetu ni machache mno kutoa kipeo cha kuaminika, basi tumeazima 2/3.

Kwa kipeo hicho 64 inakuwa 16, na 125 inakuwa 25. Tukigawa mzigo kwa hizo, kijana anapata 6, hamali 6.2. (Kipeo hakijui kitambi, wenye nacho wasijidanganye.)

Kombe linabaki kwa kijana, kanuni mpya hairudi nyuma. Hamali nilipomweleza alicheka, akataka kujua kama tutampima tena kwa mizani ile ile inayozidisha kilo mbili. Mweka hazina ameagizwa kununua nyingine.