Kwa Nini Tunaosha Kokoto za Kifusi Kabla ya Kukuuzia

Ukiona kipande cheupe kwenye kifusi cha nyumba iliyobomolewa, kikwaruze kwa ukucha. Zege halikubali ukucha. Kikitoa unga laini, shuku jipsamu: dari, konishi au skimu ya ukutani. Hapa Dar es Salaam nyumba nyingi za miaka ya karibuni zina vitu hivyo, na kijiko kikishaiangusha nyumba, vyote vinachanganyika na zege tunaloliponda kuwa kokoto.

Wateja hutuuliza, jipsamu si ndiyo inayotiwa kwenye saruji kiwandani? Ndiyo. Inachimbwa Makanya kule Same, na Itigi pia, kisha inasagwa kwa kiasi kidogo pamoja na klinka, yaani mawe yaliyochomwa yanayosagwa kuwa saruji, ili saruji isigande ghafla fundi akiwa bado anakoroga. Lakini ile imepimwa. Ya kwenye kifusi hakuna aliyeipima, nayo huendelea kutoa salfati, ile chumvi iliyomo ndani yake, zege likishakuwa gumu. Salfati, maji na alumina, moja ya viambato vya saruji, vikikutana hujenga fuwele za etringaiti, ambazo hutaka nafasi. Ndani ya zege gumu nafasi hiyo haipo, kwa hiyo zege linavimba na kupasuka. Nyufa hazitokei siku ya kwanza. Huja baada ya miezi au miaka, fundi ameshalipwa na kuondoka.

Sisi wenyewe tulianza kwa kuchekecha kavu. Tuliokota vipande vikubwa kwa mikono tukaamini kazi imekwisha. Msimu wa masika uliofuata, pevingi za mteja wetu zikaanza kuchanika kingo. Tulimrudishia fedha zake. Ndipo tulipoelewa kwamba jipsamu, kwa ulaini wake, ikipita kwenye mashine ya kuponda huwa unga: inajificha kwenye mchanga wa chini ya milimita 4 na kuganda juu ya kokoto. Chekeche kavu haliwezi kuubandua.

Wengi hudhani maji yanaiyeyusha. Hesabu inakataa. Lita moja ya maji huyeyusha gramu 2 na kidogo tu za jipsamu. Tani moja ya kifusi chenye asilimia 2 ya jipsamu ina kilo 20, na kuziyeyusha zote kungetaka zaidi ya lita 8,000 za maji. Kwa hiyo kazi ya maji kwetu ni kusugua na kubeba. Kwanza kokoto huzungushwa ndani ya maji zikisuguana zenyewe kwa zenyewe mpaka unga ubanduke. Kisha huingia kwenye sanduku lenye wavu chini, maji yakisukumwa juu na chini kwa mapigo. Aliyewahi kuosha mchele anajua makapi yanavyopanda juu. Kipande cha bodi ya jipsamu, hata kikishalowa, ni chepesi kuliko zege, kwa hiyo hupanda pamoja na karatasi na vijiti, na zege hubaki chini.

Maji hayo tunayatumia tena, na hapo ndipo panapotaka uangalifu mkubwa. Yakishashiba salfati, kokoto hutoka zikionekana safi, lakini zikikauka salfati inabaki juu yake. Ndiyo maana suuza ya mwisho ni ya maji mapya. Kiwango cha Ulaya cha EN 12620 kina daraja la kokoto za kifusi zisizozidi asilimia 0.2 ya salfati inayoyeyuka majini, sawa na takriban kilo 3.6 za jipsamu kwa tani nzima. Hilo ndilo tunalolifuata. Tope linalobaki hatuliuzi kama mchanga, wala hatulitupi pamoja na taka za jikoni, kwa sababu likifukiwa nazo bila hewa, bakteria hutengeneza gesi ya sumu yenye harufu ya yai viza.

Gharama ya maji, suuza na kutunza tope ndiyo inayofanya kokoto zetu zizidi bei ya kifusi kilichopondwa tu. Kama unataka kujaza shimo pakavu, pasipogusana na zege, chukua kile cha bei ndogo, tutakuambia hivyo bila kusita. Kwa zege, tofali au pevingi, chukua kilichooshwa.

Na kama nyumba bado imesimama, tupigie kabla kijiko hakijafika. Mwite fundi wa jipsamu ashushe dari na konishi kwanza, bodi ziwekwe kando, mahali pakavu. Kifusi kitakachobaki tutakipokea kwa bei nafuu.