Dada, hiari ni zawadi, lakini hatukupewa kwa kipimo kimoja

Dada yangu, shikamoo.

Nakujibu hadharani kwa sababu najua uliyoyasema husemwa na wengi. Ulisema hiari tumepewa na Mungu, kila mtu kamili kama mwenzake, kwa hiyo anayeangamia, kama binamu yetu na pombe yake, kajitakia. Nusu ya kwanza naikubali kwa moyo wote. Nusu ya pili inaniuma.

Naamini uwezo wa kuchagua umetoka kwa Muumba. Kumbukumbu la Torati 30:19 inawawekea watu uzima na mauti mbele yao, kisha inawaambia wachague uzima. Asiyeweza kuchagua huwezi kumwamuru hivyo. Wapo wanaosema kwamba kama Mungu anajua nitakachofanya kesho, basi sina hiari. Boethius, mwanafalsafa Mkristo wa Roma, alilijibu hilo katika karne ya 6 akiwa kifungoni, kabla hajauawa: kumwona mtu akitembea hakumlazimishi atembee, na Mungu anaiona kesho yetu kama sisi tunavyoiona sasa. Mimi jibu hilo linanitosha.

Wala sitikiswi na majaribio ya mtafiti wa ubongo Benjamin Libet ya mwaka 1983. Aligundua kwamba ubongo huanza kujiandaa kukunja kiganja takriban theluthi moja ya sekunde kabla mtu hajatambua kwamba ameamua. Wengine wakatangaza kuwa hiari imekwisha. Libet mwenyewe hakufika huko. Alishikilia kwamba mtu bado anaweza kulizuia tendo lisitoke. Na kukunja kiganja si sawa na kumsamehe aliyekukosea.

Kinachonitenga nawe ni kisa kingine. Mwaka 2003 madaktari wa Marekani walichapisha habari za mwalimu wa miaka 40 ambaye hakuwahi kuwatamani watoto, kisha akaanza. Alijua ni uovu, akawa anaficha, lakini kujizuia hakuweza, akafikishwa mahakamani. Usiku wa kuamkia hukumu yake alikwenda hospitali akilalamika kichwa kinamuuma, na picha ya ubongo ikaonyesha uvimbe mkubwa sehemu ya mbele. Ulipoondolewa, tamaa ile ikatoweka. Baada ya miezi kadhaa ikarudi. Madaktari walipochunguza, uvimbe ulikuwa umeota tena. Wakautoa, ikaisha.

Watoto walipaswa kulindwa dhidi yake, hilo halina mjadala. Lakini niambie, dada, hiari yake ilikuwa na nguvu gani wakati ule? Mungu aliyetupa zawadi hii ameiweka ndani ya mwili, na mwili huugua.

Sasa tuje kwa binamu yetu. Umesema amechagua pombe. Mimi nilimwona asubuhi akiimwaga chupa nzima kwenye sinki, mikono ikimtetemeka hata kifuniko kikamshinda, ikabidi nimfungulie. Jioni alikuwa amelewa. Alipochagua kumwaga, alichagua kweli. Paulo anakiri katika Warumi 7 kwamba lile alipendalo silo alitendalo, na sisi tunayasoma maneno hayo kwa heshima. Kwa nini tusimsome binamu vivyo hivyo?

Tena ukiipima hoja yako, inamkaribia Pelagius kuliko Augustino, walimu wawili wa Kikristo wa kale waliopingana: Augustino alisema bila neema ya Mungu mtu hawezi. Pelagius alifundisha kwamba mtu akitaka anaweza kuishi bila dhambi kwa uwezo aliozaliwa nao. Baraza la maaskofu la Karthago, Afrika Kaskazini, lilikataa mafundisho hayo mwaka 418. Nadhani hukukusudia kufika huko.

Luka 12:48 inasema aliyepewa vingi atadaiwa vingi. Basi vipimo vinatofautiana, na anayevijua ni aliyepima. Wewe pombe hujawahi hata kuitamani, kwa hiyo kutokunywa hakukugharimu chochote. Yeye akishinda siku moja bila kunywa, huenda ametumia hiari kuliko sisi wawili mwaka mzima. Nikilifikiria hili naogopa kumhukumu, na naogopa zaidi kusikia akihukumiwa kwa jina la Mungu.

Simwondolei wajibu. Asingekuwa na wajibu, hata kumsihi atibiwe kungekuwa kazi bure. Ila hiari iliyobanwa na ugonjwa inaweza kupanuliwa: kwa matibabu, kwa watu wa kukaa naye saa zile mbaya za jioni, kwa nyumba isiyo na pombe. Na ile kauli ya "aache tu kama anataka" ni ya hatari, maana aliyekunywa sana kwa miaka mingi akikatisha ghafla anaweza kupata degedege, hata kufa. Anahitaji daktari amsimamie. Tukimfungia mlango tunampunguzia hata kile kidogo alichobakiwa nacho.

Ameniomba mwenyewe nimpeleke hospitali, na nimekubali. Jina lako alilitaja la kwanza alipokuwa akiuliza nani mwingine atakuja. Nakusihi, dada, twende wote.