Umelipa dola 4,800, kodi imepungua dola 233: maelezo kwa wateja wetu wenye mikopo ya masomo

Kila ifikapo mwisho wa Februari, lalamiko moja huingia ofisini kwetu hapa Indianapolis pamoja na bahasha za W-2, yaani fomu za mshahara wa mwaka. Mwaka huu lililetwa na dada mmoja, muuguzi msaidizi, ambaye kwa mwaka mzima wa 2025 alikuwa amelipa dola 4,800 za mkopo wake wa masomo, kisha akaona kodi yake ya serikali kuu imepungua kwa dola 233 tu. Alituambia bila kuficha kwamba tumempunja, kwa kuwa mwenzake wa kazini, aliyejaziwa ritani, yaani fomu ya kodi ya mwaka, na jamaa anayefanya kazi hiyo sebuleni kwake, ameandikiwa punguzo la riba la dola 2,500 kamili. Kwa heshima yake, na kwa ajili ya wengine walioondoka na dukuduku hilo hilo moyoni bila kulisema, tumeona tueleze hesabu yenyewe kwa utulivu.

Katika zile dola 4,800, riba ilikuwa dola 1,940. Ndivyo ilivyosomeka kwenye kisanduku cha kwanza cha Fomu 1098-E iliyotoka katika kampuni inayokusanya malipo ya mkopo wake. Zilizobaki zilipunguza deni lenyewe, na fedha inayopunguza deni haina nafuu yoyote ya kodi. Riba nayo hairudishwi mkononi kama ilivyo. Huondolewa kwenye mapato kabla kodi haijapigwa, na kwa kuwa mapato yake ya mshahara wa dola 52,000 yanaangukia ngazi ya asilimia 12, dola 1,940 zilimwokolea dola 232.80, na kodi ya jimbo ikapungua kidogo. Hata kama angekuwa na riba inayofika kikomo cha dola 2,500, nafuu yake ingekuwa dola 300. Watu wengi husikia hiyo 2,500 ikitajwa wakadhani ni hundi.

Kuhusu yule mwenzake, hatukuona karatasi zake, kwa hiyo hatutamhukumu. Tunachojua ni kwamba IRS, yaani idara ya kodi ya serikali kuu, hupokea nakala ya kila 1098-E, na kwamba anayeandaa ritani kwa malipo anatakiwa na sheria kuitia sahihi na kuandika PTIN, yaani namba yake ya utambulisho ya mwandaaji. Asiyetia sahihi hatakuwapo barua ya IRS itakapofika. Tumekwisha kuwapokea wateja wa namna hiyo mwezi wa Agosti na Septemba, wakiwa na barua mkononi na namba ya simu isiyopokelewa, na kazi ya kuitengeneza upya ritani iliyoharibika huwachukulia fedha nyingi kuliko ambazo wangetoa tangu mwanzo.

Lakini pia wapo wanaojipunja wenyewe. Kampuni ya mkopo hailazimiki kukutumia 1098-E ikiwa riba uliyoilipa haikufika dola 600, ingawa haki yako ya kuipunguza iko pale pale. Aidha, mikopo huhamishwa kutoka kampuni moja hadi nyingine katikati ya mwaka, na mteja huleta fomu ya kampuni mpya akasahau ile ya zamani. Ndiyo maana tunakuuliza kama mkopo wako ulihama, na tunakuomba ufungue akaunti zote mbili mbele yetu. Tunafahamu kwamba jambo hilo huwaudhi walio na haraka.

Swali la pili tunalouliza ni jina lililo kwenye mkataba. Mama mmoja alichukua mkopo wa mzazi, ule unaoitwa Parent PLUS, kwa ajili ya binti yake aliyekuwa bado mtegemezi wake. Binti alipoanza kazi akawa ndiye anayelipa kila mwezi, na kwa miaka miwili akawa anapunguza riba hiyo kwenye ritani yake mwenyewe. Alikuwa na moyo mwema, ila deni halikuwa lake kisheria. Mwenye haki ni yule anayewajibika kulipa, kwa hiyo tulilazimika kurekebisha ritani za binti. Hali ikiwa kinyume, yaani mkopo ni wa mtoto asiye mtegemezi tena na mzazi ndiye anayesaidia kulipa, malipo hayo huhesabiwa kuwa zawadi, na mtoto hupunguza riba kana kwamba ameilipa mwenyewe. Mkopo uliopewa na mzazi au kaka hauhesabiwi, hata kama mmeandikiana. Na wanaoendelea kulipa mikopo ya elimu waliyoipata katika nchi walikotoka wajue kwamba tunaangalia kwanza chuo walichosoma: ni lazima kiwe miongoni mwa vyuo vinavyostahili kushiriki misaada ya masomo ya Wizara ya Elimu ya Marekani. Baadhi ya vyuo vya nje vimo, vingine havimo.

Njia ya mkato inayotusikitisha kuliko zote ni ya wanandoa. Mtu husikia kwamba akijaza ritani peke yake, mshahara wa mwenzake hautahesabiwa katika mpango wa malipo unaofuata kipato, na malipo ya kila mwezi yatashuka. Ni kweli. Basi mume na mke wenye watoto wawili wadogo, mapato yao kwa pamoja dola 130,000, walijaza kila mmoja yake kwa mwaka 2024 ili kuokoa dola 60 kwa mwezi, yaani dola 720 kwa mwaka. Walichokipoteza ni punguzo la riba, ambalo sheria haiwapi kabisa wanandoa wanaojaza kila mtu kivyake, na kwa ngazi yao ya asilimia 22 hiyo ilikuwa dola 550. Juu yake wakapoteza nafuu ya gharama za kulea watoto, dola 1,200. Kwa bahati nzuri sheria inaruhusu ritani mbili zigeuzwe kuwa moja ndani ya miaka 3, nasi tukafanya hivyo. Anayekosea kwa upande wa pili, akajaza ya pamoja kisha akataka kutenganisha baada ya siku ya mwisho kupita, hana njia hiyo. Kuna familia ambazo kutenganisha kunazifaa, hasa pale deni linapokuwa kubwa na mshahara wa mwenye deni ukawa mdogo, lakini ni lazima hesabu zote mbili zipigwe kwanza. Kuzipiga ni kazi ya karibu saa nzima.

Sasa tuje kwenye madeni yaliyofutwa, kwa sababu mwaka huu wa 2026 mambo yamebadilika. Kwa kawaida, deni lililofutwa ni mapato. Sheria ya mwaka 2021 ilisimamisha kanuni hiyo kwa mikopo ya wanafunzi iliyofutwa kuanzia 2021 hadi mwisho wa 2025, na muda huo umekwisha. Wanaofutiwa kwa kufanya kazi ya umma huku wakilipa malipo 120 ya kila mwezi, wakiwamo wauguzi wa hospitali zisizo za faida, hawatozwi kodi ya serikali kuu, na hawakuwa wakitozwa hata kabla ya 2021. Vivyo hivyo msamaha wa walimu, na ule unaotolewa kwa kifo au ulemavu wa kudumu. Wanaopaswa kujiandaa ni wale wanaofutiwa baada ya kulipa miaka 20 au 25 kwa mipango ya malipo inayofuata kipato. Mwenye mshahara wa dola 58,000 akifutiwa dola 41,000 mwaka huu ataonekana ana mapato ya dola 99,000, na kodi yake itaongezeka kwa takriban dola 8,000. Hata punguzo lake la riba litapotea karibu lote, kwani kwa asiye na mwenzi huanza kupungua mapato yakifika dola 85,000 na kwisha yakifika 100,000.

Wala msidhani ile miaka mitano ilikuwa salama kwa kila mtu. Indiana na North Carolina, kwa mfano, hazikufuata msamaha huo katika kodi zao za jimbo. Mzee mmoja, mkazi wa hapa hapa, alifutiwa dola 38,000 mwaka 2024 na akajijazia ritani mwenyewe kwenye simu. Hakupata Fomu 1099-C, ile ya kutaarifu deni lililofutwa, kwa kuwa IRS ilikuwa imeelekeza zisitolewe kwa mikopo hiyo, naye akaona kwamba pasipo karatasi hapana kodi. Kwa asilimia 3.05 ya jimbo alidaiwa dola 1,159, kabla ya kodi ya kaunti na faini.

Kuna mlango mmoja wa haki ambao wengi hawaujui. Ikiwa mara tu kabla ya deni kufutwa madeni yako yote yalizidi mali zako zote, kiasi cha ule upungufu hakihesabiwi kuwa mapato, na hilo huelezwa kwa Fomu 982. Kijana mmoja alifutiwa dola 18,000 za mkopo wa benki binafsi mwaka 2019, akaitupa 1099-C, na barua ya CP2000, ambayo IRS huituma inapoona mapato yasiyotajwa kwenye ritani, ikamfikia. Tulikaa naye jioni mbili. Madeni yalikuwa dola 31,400. Gari, benki, akiba ya kustaafu na kiwanja cha Kitengela, jumla dola 16,400. Upungufu ukawa dola 15,000, kwa hiyo dola 3,000 zikabaki kuwa mapato, kodi dola 360 badala ya 2,160. Alitusihi tukiache kiwanja, kwa hoja kwamba kiko Kenya na hakuna atakayekiona. Tulikataa. Mali hizo huhesabiwa popote zilipo duniani, na chini ya ritani kuna sahihi yake na yetu. Aliondoka akisema tumemgharimu dola 360.

Bei yetu ya ritani yenye mkopo wa masomo ni dola 180, na Fomu 982 huongeza dola 95. Hatutozi kwa asilimia ya marejesho, na hatutaanza kufanya hivyo, kwa sababu anayelipwa kwa asilimia ana kila sababu ya kuyakuza. Anayetarajia kufutiwa deni mwaka huu tunamwomba aje kabla halijafutwa, akiwa na taarifa za akaunti zote, kadi ya gari, mikataba ya madeni na hati ya kiwanja cha nyumbani, kwani thamani tunayoihitaji ni ya siku ile, na ni vigumu sana kuitafuta baada ya mwaka mzima kupita.