Barua kwa Mhariri: Gari dogo la kupanda mawe huanzia kwenye tairi, si kwenye bodi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kidogo tuongeze neno kwenye makala yenu ya ukurasa wa ufundi, ile iliyoeleza namna ya kuunda kwa mikono gari dogo la rimoti la kupanda mawe na njia mbovu. Tumefurahi kuona ufundi huu unaandikwa. Hata hivyo, atakayefuata maelezo yale kama yalivyo atapata gari zuri la kuweka kabatini. Makala ilianza na bodi, ikaja chesisi, ikashauri mota kali, na tairi zikaachwa zichaguliwe mwisho. Kazi hii hupangwa kinyume chake: tairi, ekseli, chesisi, gia, halafu umeme. Bodi huvalishwa mwishoni, na haivalishwi kabla gari halijapanda mawe likiwa uchi.

Tuanze na vipimo, maana hapo ndipo wengi hupotea. Kipimo kilichozoeleka ni moja kwa kumi, yaani kila urefu wa gari halisi hugawanywa kwa kumi. Land Cruiser pikapu ya modeli 79 ina milimita 3,180 kutoka ekseli hadi ekseli, hivyo gari lako litakuwa na milimita 318. Land Rover Defender 110 ina inchi 110, yaani milimita 2,794, nawe utapata 279. Chesisi nyingi za dukani zina 313. Ukiivalisha bodi ya Defender iliyopimwa kwa haki, tairi zitakwangua matao ya matairi kwa karibu sentimita tatu na nusu, na hapo watu huanza kukata bodi kwa hasira. Tairi nazo zina mtego wake. Tairi halisi ya 7.50R16 ina kipenyo cha milimita 800 na ushei, kwa hiyo ndogo yake ni kama milimita 80. Zinazouzwa sana kwa rimu ya inchi 1.9 hufika 105 hadi 120. Hakuna ubaya kuzitumia, kwani zinapanda vizuri zaidi, ila uamue mapema, kwa sababu tairi ndiyo inayoamua chesisi ikae juu kiasi gani na gia ziwe nzito kiasi gani. Panga tairi nne juu ya ubao kwa umbali uliouchagua, kisha chora kila kitu kingine kuzizunguka.

Sasa mota. Ushauri wa kutafuta mota yenye kasi ndio uliotusukuma kuandika barua hii. Gari la mawe halitaki mbio. Mota ya brashi ya ukubwa uitwao 540, yenye mizingo ya waya 35 hadi 55 ndani yake, inatosha, na kadiri mizingo inavyoongezeka ndivyo mota inavyokwenda taratibu na kula umeme kidogo. Kinachobeba kazi ni uwiano wa gia. Chukua pinioni (gia ndogo ya kwenye mota) ya meno 12 inayosukuma gia ya meno 60: hiyo ni tano kwa moja. Giaboksi ipunguze mara mbili na nusu, krauni na pinioni za ekseli mara tatu. Zidisha, utapata 37.5. Mota ikizunguka mara 10,000 kwa dakika, tairi huzunguka kama mara 267, na tairi ya milimita 100 husogea milimita 314 kila mzunguko. Hiyo ni kilomita 5 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea. Wapo wanaodhani ni kidogo. Wakumbuke kwamba gari limepunguzwa mara kumi ilhali nguvu ya mvutano wa dunia haikupunguzwa, hivyo ili mwendo uonekane wa kweli unazidishwa kwa kipeuo cha pili cha kumi, yaani 3.16. Kilomita 5 za gari dogo huonekana kama 16 za gari halisi, na hakuna dereva mwenye akili anayepanda mawe kwa 16.

Wakati wa kufunga pinioni, weka kipande cha karatasi ya daftari kati yake na gia kubwa, bana, kaza skrubu za mota, kisha zungusha karatasi itoke. Ikitoka na mikunjo bila kuchanika, nafasi ni sawa. Ikichanika, meno yamebanana na mota itapata moto bure.

Chesisi ni reli mbili zenye umbo la U na vipandio vya kuzishikanisha, kama ngazi. Bati la chuma la unene wa milimita 1.5 likikunjwa liwe na kimo cha 15 linatosha kabisa. Nje kwa nje reli zikae kama milimita 80. Zibane reli zote mbili pamoja kwenye jiliwa, mgongo kwa mgongo, utoboe kwa mkupuo mmoja, maana ukitoboa moja moja tofauti ya nusu milimita itafanya ekseli ikae mshazari na gari litavuta upande siku zote. Tundu la skrubu ya M3 inayopita tu ni 3.2; la kukata uzi ni 2.5. Chuma kwa chuma tia gundi ya nyuzi, ile ya kuzuia skrubu zisilegee. Kwenye plastiki usithubutu, kwani gundi ile huifanya plastiki ipasuke.

Mikono inayoshika ekseli ndiyo roho ya gari, na makala iliipitia kwa sentensi moja. Mkono mzuri hutengenezwa kwa fimbo ya nyuzi ya M4 iliyovikwa bomba la alumini la milimita 6, na ncha za boli joint (viungo vya gololi vinavyocheza pande zote) zikikazwa pande zote mbili mpaka zilibane bomba katikati. Fimbo peke yake hupinda. Ndani ya bomba haipindi. Nyuma weka mikono minne. Ya chini miwili iwe mirefu na ikaribie kwenda sambamba, ya juu miwili ikutane karibu na katikati ya ekseli ikifanya pembe isiyopungua digrii 40. Ikiwa yote minne iko sambamba, ekseli itayumba kushoto na kulia kama droo iliyolegea. Urefu wa mikono ya juu ndio unaoamua pua ya ekseli, pale inapoingia propela shafti, itazame wapi, kwa hiyo acha nyuzi za kutosha za kurekebisha.

Mbele mambo hubadilika kidogo. Ukifunga sevo ya stelingi (mota ndogo inayogeuza tairi za mbele) juu ya ekseli, mikono minne kama ya nyuma inakubali, na kazi imekwisha. Ukitaka ifanane na gari la kweli, sevo ikae kwenye chesisi, na hapo utahitaji panadi rodi, fimbo ya kukingama kutoka chesisi hadi ekseli, ya kuizuia ekseli isiende pembeni. Kosa la kila siku liko hapa. Panadi rodi na fimbo ya stelingi inayotoka kwenye sevo lazima ziwe sambamba, na urefu wake ulingane au ukaribiane sana. Zisipolingana, kila springi inapobonyea fimbo moja huchora tao lake na nyingine tao tofauti, na tairi hugeuka zenyewe. Utaona gari linakata kona bila kuguswa rimoti, na utalaumu sevo isiyo na hatia. Namna ya kuhakikisha ni rahisi: toa springi, washa rimoti, bonyeza pua ya chesisi juu chini kwa mkono huku ukitazama tairi. Zikigeuka, sogeza tundu la panadi rodi mpaka zitulie.

Propela shafti zina kisa chao. Krosi, yaani kiungo cha nchani kinachoruhusu shafti izunguke ikiwa imepinda, huwa mbili. Moja ikipinda digrii 30, upande unaosukumwa hauzunguki kwa mwendo mmoja. Ndani ya kila mzunguko hukimbia mara mbili kwa asilimia 15 na kuzubaa mara mbili kwa asilimia 13. Krosi ya pili hufuta kasoro hiyo, ila kwa masharti mawili: uma za shafti ya katikati zielekee upande mmoja, na pembe za krosi mbili zikaribie kulingana. Shafti ikiunganishwa na uma moja imegeuzwa robo mzunguko, kasoro huongezeka badala ya kufutana, gari hutetemeka na pini za krosi hukatika. Kwa kuwa shafti huchomolewa mara nyingi wakati wa kusafisha, piga alama ya rangi kwenye vipande vyote viwili. Hakikisha pia kwamba ekseli ikining'inia mpaka mwisho, kipande cha ndani bado kimeingia angalau theluthi.

Difu (gia zinazogawa mzunguko kati ya tairi mbili za ekseli) zifungwe zote mbili, mbele na nyuma, tairi za ekseli moja zizunguke pamoja. Gari litahitaji uwanja mpana wa kugeuka, lakini difu iliyo wazi hupeleka mzunguko wote kwenye tairi iliyo hewani.

Springi za bapa zina mvuto wake. Tamiya, kampuni ya Japani ya magari ya rimoti, ilipotoa Hilux yake ndogo mwaka 1981 iliipa springi hizo pamoja na giaboksi ya gia tatu, na mpaka leo wapo wanaoapa kwamba hakuna kingine. Kwa kupanda, tunapendekeza shokomzoba za mafuta za milimita 90 tundu kwa tundu na springi laini. Gari likisimama kwa uzito wake, shokomzoba iwe imebonyea theluthi moja, ili tairi ipate nafasi ya kushuka shimoni. Watu hukaza springi ili gari likae juu kwa mbwembwe, kisha wanashangaa tairi moja inaning'inia kila penye jiwe.

Kwenye umeme, pesa ziende kwa sevo kabla ya mota. Sevo ya kilo 20 kwa mkono wa sentimita 1, ikiwa na mkono wa sentimita 2, husukuma kwa nguvu ya kilo 10, na tairi iliyobanwa kati ya mawe mawili huihitaji yote. Tatizo ni kwamba sevo ya namna hiyo ikikwama hunywa ampea tatu au zaidi, wakati kidhibiti mwendo cha kawaida hakiwezi kutoa kiasi hicho kwa risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti) na sevo. Volti huanguka, risiva huzimika, gari hukatika mawasiliano pale pale lilipobanwa. Wengi hubadilisha rimoti bure. Dawa ni saketi ya pembeni ya kushusha volti, ya volti 6 na ampea 5 kwenda juu, ichukue umeme moja kwa moja betrini, na waya mwekundu wa plagi ya kidhibiti mwendo uchomolewe ili vyanzo viwili visigongane. Halafu punguza mwisho wa mgeuko kwenye rimoti mpaka sevo iache kunguruma ikifika ukingoni.

Betri ya lithiamu ya seli mbili inatosha. Ikijaa huwa na volti 8.4. Seli isishuke chini ya volti 3, hivyo weka kikomo cha kidhibiti kwenye 3.2 au zaidi, na gari likikaa wiki kadhaa bila kutumika betri ihifadhiwe kwenye 3.8 kwa seli. Ichajiwe juu ya kitu kisichoshika moto, na mtu awepo.

Uzito nao hufuata hesabu. Urefu ukipungua mara kumi, uzito hupungua mara elfu, hivyo pikapu ya tani 2 ni kilo 2. Magari mengi ya kuunda huishia kilo 3, na hilo si kosa ikiwa uzito uko chini. Betri ikae mbele na chini kadiri inavyowezekana, ili ekseli ya mbele ibebe kama asilimia 55 hadi 60. Mlimani uzito hurudi nyuma wenyewe. Weka gari kwenye ubao, uinue upande mmoja: likipinduka kabla ya digrii 45, kuna kitu kizito kiko juu. Mara nyingi ni keria na vikorokoro vya juu ya paa.

Ndani ya tairi weka sponji, na rimu iwe na tundu la milimita 3 la kutolea hewa. Bila tundu, tairi hudunda kama puto na haikumbatii jiwe.

Kuhusu bodi makala ilisema vya kutosha, isipokuwa jambo moja: bodi ya polikaboneti hupakwa rangi kwa ndani, na rangi ya mwanzo ndiyo itakayoonekana nje, kwa hiyo nyeusi ya kivuli hutangulia, au sehemu yake hufunikwa kwa karatasi mpaka zamu yake ifike.

Kabla ya kuvalisha bodi, simamisha tairi moja ya mbele juu ya tofali lenye kimo cha milimita 70. Tatu zilizobaki zisiache ardhi. Endesha betri moja nzima, kisha gusa mota: kidole kikishindwa kukaa sekunde tatu, toa pinioni ya meno 12, weka ya 10, upime tena kwa karatasi.

Ni sisi wasomaji wako,
Waundaji wa magari madogo